Nauli Hulipwa Kwanza, Sufuria Hungoja

Saa kumi na mbili ya jioni, mvua ikianza kunyesha Nairobi, nauli hupanda. Gari lililochukua watu asubuhi kwa Sh. 50 sasa lataka Sh. 80, na pengine Sh. 100. Makanga hana haja ya kumbembeleza mtu. Abiria ni wengi, magari ni machache, na kila mmoja ataka kufika kwake kabla ya giza. Mama aliyekusudia kushuka karibu na kibanda cha mboga, anunue sukuma wiki, nyanya na pakiti ya unga, huanza kuhesabu tena fedha zilizomo mkobani. Nauli ataitoa, kwa maana hawezi kulala mjini. Kitakachopunguzwa ni kile kilichokuwa kiende sufuriani.

Jambo hili ni dogo, na watu hulisahau upesi. Hata hivyo ndani yake mna habari kubwa ya uchumi wa nchi. Mtu akitaka kujua kama maisha ya wafanyakazi yapata nafuu au yaharibika, aweza kuanza na maswali mawili mepesi: watu hulipa kiasi gani kufika kazini, na baada ya kulipa, husaliwa na kiasi gani cha chakula? Maswali hayo yana majibu yaliyoandikwa katika vitabu vya Serikali. Yana majibu pia katika kila nyumba, ingawa nyumba nyingi haziyaandiki.

DAFTARI LA NCHI NZIMA

Katika Kenya kazi ya kupima bei za vitu ni ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kila mwezi watu wa Shirika hilo huenda madukani, sokoni na katika vituo vya magari, wakaandika bei za vitu na kazi zipatazo 330 katika maeneo 50 ya nchi, 14 kati ya hayo yakiwa Nairobi. Bei hizo hulinganishwa na za mwezi uliopita na za mwezi kama ule wa mwaka uliopita. Hesabu ikiisha hutangazwa mwishoni mwa mwezi, nayo ndiyo iitwayo mfumuko wa bei.

Lakini bei zote haziwezi kuhesabiwa kwa uzito mmoja. Chumvi ikipanda maradufu, nyumba haitikisiki. Unga ukipanda maradufu, nyumba hulia. Kwa hiyo kila kitu hupewa uzito wake kwa kadiri watu wanavyokitumia. Uzito huo haukubuniwa na mtu ofisini. Ulitoka katika uchunguzi uliofanywa tangu Septemba 2015 hadi Agosti 2016, nyumba 24,000 zilipochaguliwa katika kaunti zote 47, zikaulizwa habari za matumizi yao. Nyingine ziliombwa kuandika siku kwa siku walichonunua na walichokula.

Matokeo yake ni haya. Katika kila Sh. 100 zinazotumiwa, chakula na vinywaji visivyo vya kulevya huchukua karibu Sh. 33. Nyumba, maji, umeme, gesi na fueli nyingine huchukua Sh. 14 na senti 60. Usafiri huchukua Sh. 9 na senti 65. Matatu hayo peke yake hupita nusu ya matumizi yote. Ndiyo sababu mfumuko wa bei ukitangazwa, chakula, nyumba na nauli hutajwa kwanza.

MSHAHARA WA KAPERA

Hesabu za namna hii si mchezo wa makarani. Katika nchi hii zilitafutwa kwa sababu ya shida, na shida ilianza mapema.

Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine, waliacha kazi. Neno lao lilikuwa moja: bei zilikuwa zimepanda wakati wa vita na baada yake, na mishahara haikuzifuata. Miaka michache baadaye, katika 1954, Kamati ya Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya walioajiriwa na Serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, ya heshima na ya nguvu za kazi.

Kamati hiyo ilionyesha pia kosa lililokuwamo katika hesabu yenyewe. Mshahara wa chini kabisa ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera, kana kwamba mke na watoto hawakuwapo au walilishwa na shamba la mbali. Ukipima nyumba kwa mdomo mmoja, hali midomo ni sita, hesabu yako itakuwa sawa katika karatasi na uongo katika jiko. Kamati ilitaka mshahara upimwe hatua kwa hatua kwa mahitaji ya jamaa nzima.

Hata leo somo hilo halijapoteza maana yake. Vyama vya wafanyakazi vinapoketi na waajiri kujadili nyongeza, na mahakama ya mambo ya kazi inapoamua ugomvi wao, kipimo cha bei ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Kwa hiyo anayeuliza kipimo hicho kilipatikanaje haulizi swali la bure. Auliza juu ya chakula chake.

NAULI INAVYOPANDA NA INAVYOKATAA KUSHUKA

Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza kazi Nairobi mwaka 1934. Matatu zilikuja baadaye, zikapewa ruhusa na Rais Kenyatta mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni za mabasi, na jina lake lilitokana na senti thelathini za nauli ya zamani. Siku hizi ndizo zichukuazo sehemu kubwa ya wasafiri wa mji. Nauli yake haipangwi na Serikali. Hupangwa na wenye magari na vyama vyao, na hubadilika kwa saa, kwa mvua na kwa sikukuu.

Watu wengi hudhani kwamba nauli hufuata bei ya petroli na dizeli tu. Bei hiyo ni rahisi kuitazama, kwa kuwa tangu mwisho wa mwaka 2010 Serikali huweka bei ya juu kabisa kwa kila mji. Mamlaka iitwayo EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya mwezi, nayo hufuatwa tangu tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Ndani ya bei hiyo mna gharama ya kuleta mafuta kwa meli, gharama ya kuyasukuma kwa bomba kutoka Mombasa, faida ya wauzaji, na kodi za Serikali. Mathalani, kodi ya ongezeko la thamani ilipotolewa kwenye 8 ikawa 16 kwa mia, mnamo Julai 2023, kila lita ilionja nyongeza hiyo.

Lakini miaka hii ya karibuni imetufundisha kwamba nauli na petroli si pacha. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, matatu za viti 14 ziliamriwa zichukue watu 8 tu. Mwezi wa Mei mwaka ule petroli ilikuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi, chini ya Sh. 84 kwa lita katika Nairobi. Pamoja na hayo nauli zilipanda. Sababu yake yaonekana kwa hesabu ya mtoto wa shule. Watu 14 wakilipa Sh. 50 kila mmoja, gari hupata Sh. 700. Watu 8 wakilipa Sh. 50, gari hupata Sh. 400. Ili lipate zile Sh. 700, kila mmoja wa wanane hana budi kulipa zaidi ya Sh. 87. Kupungua kwa petroli hakukuweza kuziba pengo hilo. Magari yaliruhusiwa kujaza viti vyote tena Agosti 2021, lakini abiria wengi walilalamika kwamba nauli hazikurudi zilikotoka.

Kisha petroli nayo ikapanda. Mnamo Septemba 2023 ilifika Sh. 211.64 kwa lita katika Nairobi, zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya Mei 2020. Hapo kila mtu aliona sababu ya nauli kuongezwa. Lakini Oktoba 2024 lita ilikuwa imeshuka hata Sh. 180.66, na ni njia chache tu ambazo abiria aliambiwa, "Leo rudisha shilingi kumi."

Si lazima tuseme kwamba kila mwenye gari ni mlafi. Dereva na makanga aghalabu hupewa gari kwa hesabu ya siku: jioni hawana budi kumpelekea mwenye gari kiasi fulani cha fedha, abiria wawe wengi au wachache, kisha watoe ya mafuta, nao wale kinachobaki. Vipuri, matairi, bima na mkopo wa gari havikushuka pamoja na petroli. Tena nauli huenda kwa shilingi kumi kumi. Hakuna makanga atakayehangaika kurudisha shilingi mbili na senti kwa sababu lita imepungua. Hivyo nauli hupanda ngazi kwa kuruka, na hushuka kwa kusukumwa.

NAULI YA PILI ISIYOONEKANA

Mfanyakazi hulipa nauli nyingine ambayo hapewi tiketi yake. Viazi kutoka Nyandarua huja kwa lori. Kabichi hufika soko la Wakulima usiku kwa lori, na alfajiri huchukuliwa kwa mkokoteni au kwa pikipiki hadi kibanda cha mtaani. Mahindi husagwa kwa mashine inayotumia umeme au dizeli. Kila mkono hapo katikati hulipia safari yake, na kila safari huongezwa katika bei ya fungu la mwisho.

Kwa hiyo dizeli ikipanda, mwenye nyumba hutozwa mara mbili: mara ya kwanza akiwa ameketi ndani ya gari, mara ya pili akiwa amesimama mbele ya mboga. Ile ya pili huja polepole, pengine baada ya wiki mbili au tatu, naye humlaumu mama mboga, ambaye naye ametozwa vile vile.

CHAKULA KIKIPUNGUA KATIKA HESABU

Mnamo 1857 Mjerumani Ernst Engel, aliyekuwa akisimamia takwimu za nchi ya Saxony, alitazama hesabu za matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji. Akaona jambo ambalo wengi wamelithibitisha baada yake: jamaa ikiwa maskini zaidi, sehemu ya mapato yake inayokwenda katika chakula huwa kubwa zaidi. Tajiri hula vizuri kuliko maskini, lakini chakula hakimli yeye mfuko. Tangu siku zile watu wanaopima umaskini hutazama sehemu hiyo ya chakula kwanza. Ikipungua, hufurahi.

Kanuni hiyo ni njema, lakini mjini yataka macho mawili. Chukua mfano wa nyumba itumiayo Sh. 20,000 kwa mwezi. Chakula ni Sh. 10,000, kodi ya nyumba Sh. 5,000, na nauli ya mtu mmoja aendaye kazini siku 26 kwa Sh. 50 kwenda na Sh. 50 kurudi ni Sh. 2,600. Sh. 2,400 zinazobaki ni za fueli, sabuni, shule na za kupeleka kwa wazazi. Chakula basi ni nusu kamili ya matumizi.

Sasa nauli ipande Sh. 10 tu kwa safari moja. Kwa mwezi itakuwa Sh. 3,120, yaani nyongeza ya Sh. 520. Mshahara haukuongezwa. Mwenye nyumba wa kupangisha hangoji, na bila nauli hakuna kazi. Zile Sh. 520 zitatoka wapi? Zitatoka katika chakula, kwa sababu sufuria haina mdomo wa kugombana. Ikiwa pakiti ya unga ya kilo mbili ni Sh. 130, hizo ni pakiti nne.

Mwisho wa mwezi chakula ni Sh. 9,480, ambayo ni 47.4 kwa mia ya matumizi. Mtu atakayeitazama tarakimu hiyo peke yake, akishika kanuni ya Engel, atasema jamaa hii imepata nafuu, maana sehemu ya chakula imepungua. Lakini watoto wale wamekula pungufu ya mwezi uliopita. Hapo ndipo ilipo sababu ya kuisoma nauli na chakula kwa pamoja. Chakula kikipungua katika hesabu huku nauli imepanda, si dalili ya neema. Nauli imekula ugali.

Mfano huo waeleza pia kwa nini watu husikia kiasi cha mfumuko kikitangazwa wakatikisa kichwa. Nauli ya jamaa ile ilipanda kwa 20 kwa mia, na hiyo peke yake iliongeza matumizi yaliyohitajika kwa 2.6 kwa mia. Katika kipimo cha taifa, hata kama kila kitu cha usafiri kingepanda kwa kiasi hicho, kipimo chote kingepanda kwa chini ya 2 kwa mia. Kipimo hakikusema uongo. Kimechanganya pamoja mwenye motokaa, msafiri wa ndege na abiria wa matatu, kikatoa wastani wao. Shirika la Takwimu lenyewe lajua hivyo, na kwa Nairobi huhesabu kando watu wa mapato ya chini, ya kati na ya juu.

MFUMUKO UKIPUNGUA, BEI HAZIKUSHUKA

Kuna kosa jingine linalowapotosha wengi. Mnamo Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulikuwa 9.6 kwa mia. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9, na Oktoba 2024 ulikuwa 2.7 tu. Watu waliposikia habari ya mwisho walienda dukani wakitazamia bei za zamani, wakarudi na hasira.

Maana yake ni hii. Mfumuko ni mwendo wa kupanda. Gari lipandalo mlima likipunguza mwendo halijaanza kuteremka. Kikapu cha vitu kilichonunuliwa kwa Sh. 1,000 Oktoba 2021 kilitaka Sh. 1,096 mwaka uliofuata, kisha Sh. 1,172 hivi, na Oktoba 2024 karibu Sh. 1,203. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukusogea katika miaka hiyo mitatu alikuwa amepoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu ya fedha zake, ingawa hakuna aliyemkata hata senti moja. Kwa hiyo anayeomba nyongeza na alete hesabu ya miaka yote tangu nyongeza ya mwisho, si ya mwezi mmoja tu.

WALE WAENDAO KWA MIGUU

Wako watu ambao nauli yao haionekani katika daftari lolote. Kila asubuhi, kabla ya jua kuchomoza, wanaume na wanawake hupita kwa maelfu kando ya barabara wakielekea Eneo la Viwanda na majengo yanayojengwa. Wengi wao hawatembei kwa kupenda mazoezi. Nauli imewashinda, au wameihifadhi kwa ajili ya jioni watakapokuwa wamechoka.

Nauli ikipanda hata mtu akaacha kupanda gari, matumizi yake ya usafiri hushuka hadi kuwa sifuri. Katika karatasi ataonekana kama mtu asiye na gharama. Lakini ametoa saa mbili za usingizi, soli za viatu na nguvu alizozihitaji kazini. Mchunguzi mwema ataandika nauli zilizolipwa, kisha atauliza tena: ni wangapi walioacha kulipa, na kwa nini?

MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Mstari mmoja kwa siku: nauli ya asubuhi, nauli ya jioni, chakula, fueli, mengineyo. Jumapili mume na mke waketi pamoja wajumlishe. Mwisho wa mwezi waandike mambo mawili: nauli ilichukua sehemu gani ya fedha, na chakula sehemu gani. Wakifanya hivyo miezi sita wataona yale ambayo kumbukumbu huyaficha, kwa kuwa mtu hukumbuka nauli ya siku ya mvua, akasahau zile kumi kumi za kila siku.

Daftari hilo halitapunguza nauli. Lakini mke hatamshuku mumewe kwamba amekunywa fedha zilizoliwa na njia, wala mume hatamlaumu mkewe kwa fungu la mboga lililopungua. Wakitaka kuhamia karibu na kazi, watajua kama kodi kubwa ya huko ni nafuu kuliko nauli ya huku. Mwakilishi wa chama chao akienda mbele ya mwajiri, atakuwa na tarakimu mkononi badala ya kelele. Na siku mtu wa takwimu atakapobisha hodi na karatasi zake, watamjibu kwa hesabu ya kweli, si kwa kukisia. Kwa maana kipimo cha nchi nzima kimejengwa kwa majibu ya nyumba kama yao, na nyumba zikikisia, nchi nayo hukisia.

Yule mama wa jioni ameshuka kituoni mvua ikiwa bado inanyesha. Amenunua sukuma wiki na unga, nyanya ameziacha. Kama nyumbani mna daftari, usiku huu ataandika: nauli Sh. 100.